Maneno Yaliyotoka Mkononi

Masala tutakayoyazungumza leo si katika yale yanayopigiwa kelele barazani, na pengine wako watakaoyaona kuwa ni madogo. Nayo ni haya: mtu akiandika neno, kisha neno lile likatoka mkononi mwake, ama kwa kupigwa chapa, ama kwa kupelekwa barua, ama kwa kufa mwenyewe na karatasi zake zikabaki nyuma, je, amebakiwa na haki gani katika neno hilo? Na sisi tunaolikuta tuna dhima gani juu yake?

Lililonikumbusha masala haya ni karatasi ya njugu. Jioni moja nilinunua njugu kwa kijana anayeuza kando ya bahari, akanifungia katika karatasi ya daftari la skuli. Nilipozimaliza nikaikunjua, nikakuta ni insha ya mwanafunzi juu ya safari yake ya kwenda kuvua pamoja na babake, nayo imesahihishwa kwa wino mwekundu mstari kwa mstari. Nikauliza karatasi hizi zatoka wapi. Nikaambiwa zatoka nyumbani kwa mwalimu fulani, marehemu, aliyesomesha miaka mingi katika skuli za mashamba kisha akaja kukaa mjini. Nyumba ilipofagiliwa, magunia matatu ya karatasi yaliuzwa kwa kilo. Mwalimu huyo alinisomesha mimi nilipokuwa mdogo, lakini sikukasirika kama nilivyodhani ningekasirika. Waliouza walikuwa na haki yao, kwani karatasi ni mali, na mali ya maiti hurithiwa. Lakini ile insha haikuwa mali ya marehemu. Ilikuwa ni maneno ya mtoto wa watu, aliyemwambia mwalimu wake, na mwalimu wake tu, kwamba babake alikuwa akiogopa bahari. Je, hili nalo lilirithiwa?

Ili tusizungumze hewani, nitaleta mfano wa waalimu wawili wa mashamba, mke na mume, ambao maisha yao yote yalikuwa ni karatasi, na ambao karatasi zao ziliwaletea kheri na balaa kwa pamoja. Ni Wafaransa. Mume ni Célestin Freinet, aliyezaliwa mwaka 1896 katika kijiji cha Gars, milimani nyuma ya mji wa Nice. Mke ni Élise Lagier-Bruno, aliyezaliwa mwaka 1898 huko Pelvoux, katika milima ya Alps iliyo mirefu zaidi, na wazee wake walikuwa waalimu. Hawakuwa watu wa dini hawa. Walikuwa wafuasi wa siasa ya wafanya kazi, na kwa muda walikuwa katika chama cha Kikomunisti. Basi asiwepo wa kusema kwamba twawafanya viigizo katika itikadi. Twawatazama kwa lile lililowafika, kwa kuwa linamfika kila mwenye kushika kalamu.

Freinet alikwenda vitani akiwa kijana, na mwaka 1917 risasi ikampiga katika pafu. Alipona nusu. Mwaka 1920 alipewa darasa katika kijiji cha Bar-sur-Loup, na mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba hakuwa na pumzi ya kusema mbele ya watoto mchana kutwa kama waalimu wengine. Mwalimu asiyeweza kusema sana sharuti atafute njia ya kuwafanya watoto waseme. Akawa akiwatoa nje kutembea, wakatazama mashamba na mafundi wakifanya kazi, wakirudi wakaandika waliyoyaona. Mwaka 1924 akanunua mtambo mdogo wa kupiga chapa akauweka darasani.

Kwa wasioujua mtambo wa namna ile, ni kazi ya subira. Herufi ni vipande vya risasi, vyapangwa kwa mkono kimoja kimoja, tena kinyume, ili vikipakwa wino na kukandamizwa karatasi visomeke sawasawa. Mtoto aliyepanga mstari mmoja kwa vidole vyake haukosei tena maishani. Lakini faida kubwa haikuwa katika imla. Faida ilikuwa kwamba yule mtoto wa mkulima, aliyezoea kwamba kila kilichopigwa chapa chatoka mbali na kwa watu wakubwa, aliona siku ile neno lake mwenyewe limesimama katika karatasi kama la waziri.

Sisi tuliosoma vyuoni twazijua mbao zetu. Tuliandikiwa, tukasoma, tukaziosha, tukaandikiwa tena. Ubao ule haukuhifadhi neno letu hata moja, na wala hapakuwa na ubaya, kwa kuwa halikuwa neno letu. Lilikuwa ni neno tukufu kuliko sisi, na mahala pake pa kuhifadhiwa palikuwa ni kifuani. Nalitaja hili si kwa kulinganisha, bali kwa kuonyesha kwamba chuo hakikupata kuijua khatari niitakayoieleza. Mtoto akisoma maneno aliyoandikiwa hana siri anayoitoa. Akiambiwa aandike yake, atatoa ya moyoni, na ya moyoni hayajui mpaka wa nyumba.

Mwaka 1926 skuli ya Bar-sur-Loup ilianza kubadilishana kurasa na skuli ya mwalimu René Daniel huko Trégunc, katika Brittany, upande wa pili wa Ufaransa, kwenye bahari kuu na wavuvi. Watoto wa mlimani wakasoma khabari za mashua na samaki, na watoto wa pwani wakasoma khabari za milimani. Jambo zuri, hapana shaka. Lakini mtoto akiandika kwamba jana usiku mamake alilia, na ukurasa ule ukafika Brittany, mama yule ameulizwa na nani?

Mwaka huohuo wa 1926 Freinet na Élise walioana. Élise naye alikuwa mwalimu, na zaidi ya hayo alikuwa fundi wa kuchonga picha za kupigia chapa. Mwaka 1927 alipata zawadi yenye jina la Gustave Doré kwa kazi hiyo. Mwaka 1928 wakahamia kijiji cha Saint-Paul, karibu na Vence. Skuli yake ilikuwa na hali mbaya, na Freinet akawa akilalamika kwa baraza la mji juu ya uchafu na upungufu wa vyombo. Malalamiko hayakupendeza.

Sasa ndipo lilipotokea lile ambalo kwa ajili yake nimeandika makala haya. Mtoto mmoja katika darasa aliota ndoto. Aliota kwamba darasa zima limemwasi meya aliyekataa kuwapa vyombo vya skuli, na katika ndoto ile meya akauawa kwa mkono wa huyo mtoto. Asubuhi akaandika, kama walivyozoea, nayo ikapigwa chapa pamoja na nyingine. Mwezi wa Disemba 1932 watu wa Saint-Paul waliamka wakakuta kuta za mji zimebandikwa matangazo, na ndani yake ile ndoto, na tuhuma kwamba mwalimu anawafunza watoto wao kuua. Magazeti ya Paris yakaingia. Gazeti la Action Française, lililokuwa na uadui mkubwa na watu wa mrengo wa Freinet, likaishika khabari hiyo. Wazazi wakagawanyika, wengine wakazuia watoto wao. Mwezi wa Aprili 1933 kundi la watu likaizingira skuli wakipiga kelele, na mwalimu akatoka mbele yao na bastola mkononi. Mwezi wa Juni serikali ikamhamisha.

Basi tujiulize: ni nani aliyekosa?

Mtoto hakukosa. Alipoota alikuwa amelala, na alipoandika alikuwa hajabaleghe. Na katika sharia yetu aliyelala na mtoto mchanga wote wawili hawaandikiwi dhambi. Huyu alikuwa na nyudhuru mbili kwa pamoja. Tena ndoto si nia. Mtu aweza kuota amekula mchana wa Ramadhani, akaamka saumu yake ni nzima.

Waliobandika kutani walikosa, na kosa lao si la kusema uwongo, kwa kuwa hawakulibadilisha neno. Hapa ndipo watu wengi wanapoghafilika. Twadhani neno likinukuliwa kwa ukweli basi limetendewa haki. Lakini neno lina majlisi yake. Lililosemwa kwa mkewe mtu chumbani, likinukuliwa sokoni herufi kwa herufi, limeshakuwa neno jingine. Ndoto ya mtoto ilisemwa katika majlisi ya watoto, ambapo kila mmoja ajua kwamba ndoto ni ndoto. Ilipobandikwa kutani, mbele ya watu wazima wenye ugomvi, ikawa ni amri ya kuua. Tena waliifanyia hila iliyo mbaya zaidi: walipokuwa wakizungumza juu ya kisu cha ndotoni, hapana aliyezungumza juu ya vyombo vilivyokosekana macho yakiwa wazi.

Na mwalimu je? Wanaompenda Freinet husema hana lawama hata chembe, kuwa adui zake wangelimtafutia jingine kama si hili. Huenda ni kweli kwamba wangelitafuta. Lakini mimi sikubaliani nao kwa yote. Mwalimu alikuwa macho. Yeye ndiye aliyekuwa mtu mzima peke yake katika chumba kile, naye alijua mambo mawili ambayo mtoto hakuyajua: kwamba meya ni mtu hai mwenye jina na wafuasi, na kwamba karatasi iliyopigwa chapa haina mlango. Neno la mdomo hufa mlangoni. Neno la mkono, la nakala moja, laweza kuchanwa. Lililopigwa chapa kwa nakala nyingi halirudi. Amana ya mtoto ilikuwa mkononi mwake, naye aliitoa nje bila ya kuikagua njia itakayopita.

Nasema hivi na huku najua jawabu watakayonijibu, nayo ni nzito. Watasema: umemwahidi mtoto kwamba hapa ataandika la moyoni mwake. Siku ameandika la moyoni, ukamwambia "hili hapana", basi ahadi yako ilikuwa ya uwongo, na mtoto hatakuamini tena. Ataandika yale ayajuayo kuwa wapenda kuyasoma. Kila mwalimu ameziona insha za namna hiyo, zote zasema skuli yetu ni nzuri na mwalimu wetu ni hodari. Nikipima hoja hizi mbili, naona kwamba mtoto aliahidiwa kusikizwa, hakuahidiwa kutangazwa. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na mtambo ule ndio uliowachanganyia. Ilifaa isomwe darasani, wacheke, izungumzwe, kisha ibaki darasani. Lakini nakiri kwamba ni rahisi kuyasema haya leo, na Freinet asubuhi ile alikuwa na darasa la watoto mbele yake, wino unakauka, na pafu moja na nusu.

Walihama. Mwaka 1935 wakafungua skuli yao wenyewe juu ya kilima nje ya Vence, majengo wakayajenga kwa mikono yao pamoja na watoto na marafiki. Vita vya Uhispania vilipokuja wakawapokea watoto waliokimbia huko. Mwezi wa Machi 1940 Freinet alikamatwa kwa ajili ya siasa yake, akatiwa kambini, akahamishwa kutoka kambi hata kambi, na mgonjwa vile alivyokuwa, hata mwisho wa Oktoba 1941. Huko kizuizini na baada yake ndipo alipoandika sehemu kubwa ya fikra zake. Élise alibaki nje na binti yao Madeleine, aliyezaliwa mwaka 1929, na skuli iliyofungwa, na mume ambaye sharuti apiganiwe atoke.

Muda huo wote waliandikiana barua. Alikufa Freinet mwezi wa Oktoba 1966 huko Vence, akazikwa kijijini kwao Gars. Élise akafa mwaka 1983. Na mwaka 2004 barua zile za kambini zikatolewa kitabu, kwa kazi ya huyo binti yao. Leo mtu yeyote aweza kuzisoma kuanzia Machi 1940 hata Oktoba 1941.

Je, ni halali? Siri ya mke na mume katika dini yetu si jambo la mchezo, na anayeitoa nje mmoja wao amelaumiwa lawama kali. Lakini hapa hakuitoa mmoja wao. Aliitoa mwana, wao wakiwa wameshakufa. Twaweza kusema kwamba barua za mtu aliye kizuizini si siri kamili, kwa kuwa askari huzisoma kabla ya mke, na mwandikaji aandika huku akijua kwamba jicho la tatu liko begani mwake. Hoja hii ina nguvu kidogo tu. Aliyelazimishwa kuvua nguo mbele ya askari hakuwapa ruhusa watu wote wamtazame.

Hoja iliyonielekeza mimi ni nyingine. Élise alizihifadhi. Aliishi miaka arubaini na zaidi baada ya barua zile, na alikuwa mwandishi, mwenye kujua vizuri karatasi hufanya nini zikibaki. Angelitaka zisisomwe, moto ulikuwa karibu. Mtu mwenye akili timamu anayehifadhi barua miaka yote hiyo na akamwachia bintiye, ameshasema nusu ya neno. Nusu iliyobaki imeachwa kwa insafu ya aliyeachiwa. Basi kuhifadhi si ruhusa, lakini ni dalili, na dalili yaruhusu pale ambapo pana faida ya haki. Na hapa faida ilikuwepo, nayo yamhusu Élise mwenyewe.

Kwani kazi ya nyumba ile duniani kote yaitwa kwa jina moja: njia ya Freinet. Ukimwuliza mwalimu yeyote aliyeisoma, atakwambia Freinet alifanya hivi na hivi, naye anamkusudia mwanamume. Mafunzo ya picha za watoto, ambayo ni nusu ya uzuri wa skuli ile, yalikuwa ya Élise. Khabari za chakula na afya za watoto zilikuwa zake. Na historia yenyewe ya kazi yao ni yeye aliyeiandika, katika kitabu kilichotoka mwaka 1949, na anayesimama katikati ya kitabu hicho ni mumewe. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo ilitoka sinema iliyotokana na maisha yao, ambayo ndani yake mwalimu amepewa jina jingine, na pakawa na ugomvi mkubwa kwa sababu ya jina la Freinet kutotajwa. Mke yule aliona dhulma ya jina la mumewe kufutwa, na huku lake mwenyewe alikuwa akiliandika kwa wino mwembamba.

Wako watakaosema: aliridhia mwenyewe, na aliyetoa haki yake kwa hiari hakudhulumiwa. Kweli. Zawadi ni sahihi. Lakini zawadi ile alimpa mumewe, hakutupa sisi. Sisi tukijua kwamba kazi ni ya wawili kisha tukaandika jina la mmoja, hatujapokea zawadi ya mtu. Tumetoa ushahidi pungufu. Na barua zile, pamoja na karatasi zao nyingine zilizohifadhiwa katika nyumba ya nyaraka za jimbo huko Nice, ndizo zinazomrudisha mahala pake, maana ndani ya barua wanasema wote wawili, kila mmoja kwa mkono wake.

Hapa pwani twajisifu, na kwa haki, kwamba mwanamke kwetu halipotezi jina lake akiolewa. Ni binti fulani siku ya harusi na ni binti fulani siku ya kuzikwa. Élise aliitwa Freinet hata jina la babake likasahauliwa na wengi. Lakini nani kati yetu awezaye kulitaja jina la mke wa mwalimu wake? Twamwita mke wa mwalimu, na jina la babake, alilohifadhiwa kwa sharia, lalala katika cheti cha ndoa.

Siku chache baada ya zile njugu niliitazama tena ile insha. Mwandiko wa mwalimu wetu naujua. Ulinichapa kama ulivyonichapa mkwaju wake. Ile nyekundu haikuwa yake. Nikaenda nyumbani kwake, nikabisha hodi, nikamkuta mjane wake ameketi ukumbini. Nikamwamkia, nikampa karatasi, nikamwambia nilipoipata.

Akavaa miwani, akaisoma yote, polepole.

"Huyu alikuwa wa Darasa la Nne," akasema. "Mwalimu macho yake hayakuwa yakiiweza taa, mwanangu. Madaftari ya usiku yote nikisahihisha mimi, hata huko mashamba."

Nikamwuliza kama amjua mtoto aliyeandika. Akanitajia jina lake, na jina la babake, na kwamba babake alikufa maji mwaka ule ule. Kisha akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia ndani ya kanga yake, wala hakunirudishia.